Peli ya zamani na mwili wa mtu: tujue magonjwa ya mashini kabla hayajawa yetu



Somo letu la mwezi huu linahusu peli, ile mashini ya kuchimba udongo na mawe na kuyapakia ndani ya kamio. Labda mtauliza: mtu wa dispansere anatafuta nini katika mambo ya atelie? Jibu ni rahisi. Peli ikiugua, dereva na fundi ndio wanaoona kwanza. Lakini ikiachwa na ugonjwa wake, mwisho tunamwona mtu analetwa kwetu: mwenye mkono uliovimba, mwenye uso ulioungua, mwenye mgongo usionyooka tena. Kwa hiyo magonjwa ya peli ni shauri letu sote.

Huko Kolwezi, Likasi, Kambove na pahali pengi pa kazi yetu, si kila peli ni mpya. Nyingine zimetumika hapa miaka mingi. Nyingine zililetwa kutoka nchi za nje zikiwa zimekwisha kuchoka kwa kazi ya watu wengine. Peli ya namna hiyo si lazima iwe mbaya. Ikitunzwa vizuri, inaweza kutumika miaka mingi bila kumuumiza mtu. Basi shikeni neno hili, kwa maana ndilo somo lenyewe: uzee wa peli peke yake hauumizi mtu, kinachoumiza ni ubovu tuliouzoea.

Mafuta yanadondoka, tunasema: “Hii ni tabia yake.” Mkono wa peli unashuka wenyewe, tunasema: “Inafanya hivi tangu mwaka jana.” Ngazi imekatika, tunaruka. Siku ile tunapoacha kushangaa, ndiyo siku hatari inaanza.

1. Umri wa peli unajulikana namna gani?

Mgonjwa akija dispansere, hatumwulizi miaka yake tu. Tunamwuliza unaumwa wapi, tangu lini, unafanya kazi gani. Kwa peli ni vilevile.

Watu wengi wanaangalia kontere ya masaa tu. Kontere inasaidia, lakini haisemi yote. Peli inayotumika posti mbili za masaa 8 kila siku, siku 300 kwa mwaka, inapata masaa 4 800 katika mwaka mmoja. Peli nyingine inayotumika kidogo inaweza kukaa miaka mitano bila kufika hapo. Tena kontere inaweza kuharibika, au kubadilishwa peli ilipouzwa. Basi usiamini namba peke yake. Angalia mwili wa mashini.

Angalia kanyagio za miguu na vishikio ndani ya kabine: kama vimelika sana na kontere inaonyesha masaa machache, jiulize. Angalia pini za ndoo na za mikono: zikiwa na nafasi kubwa, mkono unacheza kama jino linalotaka kung'oka. Angalia kama pahali pamechomelewa mara nyingi. Pale chuma kilipasuka zamani, na kinaweza kupasuka tena kando ya chomeo lile. Sikiliza nguvu yake: peli ambayo asubuhi inafanya kazi vizuri, lakini mafuta yakipata moto inakuwa nzito na pole, mara nyingi pompi yake imelika.

Angalia moshi pia. Moshi mweusi unaonyesha kwamba moteri inakosa hewa ya kutosha au inapewa mazuti kupita kiasi; mara nyingi filtere ya hewa imejaa vumbi. Moshi wa buluu ni mafuta ya moteri yanayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata moteri ikipata moto, pengine ni maji ya radiatere yanayoingia ndani, au mazuti yasiyoungua vizuri. Dalili ya mvua ni mawingu. Peli nayo inatoa dalili kabla ya kuanguka.

2. Mafuta yanayotoboa ngozi

Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu ajali hii inadanganya hata watu wenye akili.

Peli inanyanyua mawe kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pompi ndani ya tiyo za chuma na tiyo za mpira, mpaka kwenye verini, ile mikono ya chuma inayonyooka na kurudi. Presha ndani yake ni kubwa sana. Mpira wa gari dogo una bar 2 hivi. Katika peli, presha inaweza kufika bar 300 na zaidi. Na ngozi ya mtu inaweza kutobolewa na mafuta yenye presha ya bar 7 tu.

Tiyo ya mpira inazeeka hata ikiwa haifanyi kazi. Jua, joto, vumbi na kusuguana na chuma vinaifanya ipasuke nyufa ndogo. Mara nyingi mwezi na mwaka wa kutengenezwa vimeandikwa juu ya tiyo yenyewe. Tafuta maandiko hayo. Ukiona mpira umevimba kama jipu, ukiona nyuzi za chuma zinatoka nje, au maji ya mafuta pale tiyo inaposhikana na chuma, usingoje kesho.

Sasa tuseme fundi anaona ukungu mwembamba wa mafuta unatoka kwenye tiyo. Haoni tundu lenyewe. Anapitisha mkono ili asikie wapi mafuta yanatoka. Anasikia kitu kama mwiba mdogo katika kidole. Anaangalia: ni nukta moja tu, damu karibu hakuna, maumivu ni kidogo. Anafuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi. Lakini mafuta yamekwisha kuingia chini ya ngozi, yakafuata njia ya mishipa na kano za kidole mpaka ndani ya kiganja. Baada ya masaa machache mkono unavimba, unakuwa mgumu, unauma sana, na nyama ya ndani inaanza kufa. Mtu wa namna hiyo anaweza kukatwa kidole, au mkono mzima, kwa sababu ya kidonda kisichozidi tundu la sindano. Glavu haizuii jambo hili. Mafuta yanapita ndani yake.

Basi, kwa kuzuia:

Usitafute kamwe tundu la mafuta kwa mkono. Tumia kipande cha karatoni au cha ubao, ukikishika kwa mbali, macho yako yakiwa na miwani ya kazi. Kisha zima moteri. Kabla ya kufungua tiyo yoyote, ndoo iwe imelala chini. Moteri ikikwisha kuzimwa, sukuma vishikio vyote pande zote ili presha iliyobaki itoke, halafu fungua hewa ya tanki ya mafuta polepole kama kitabu cha mashini kinavyosema. Kumbuka kwamba peli nyingi zina chombo kinachohifadhi presha hata moteri ikiwa imezimwa. Moteri kunyamaza si alama ya presha kwisha.

Na ajali ikitokea:

Hata kama ni nukta moja, hata kama haiumi, mtu huyo apelekwe mbio kwenye hospitali yenye mganga wa kupasua. Asipewe dawa ya maumivu na kurudishwa kazini. Kila saa inayopita inapunguza nafasi ya kuuokoa mkono. Usikamue kidonda, usikikate kwa wembe, usikitie katika maji ya moto. Ondoa pete na saa ya mkono kabla ya kuvimba. Mkono utulie, uinuliwe juu kidogo. Asile wala asinywe, kwa maana huenda atapasuliwa. Na andika juu ya karatasi: saa ya ajali, jina la mafuta, na kwamba ni mafuta yenye presha. Mganga asipoambiwa neno hili la mwisho, anaweza kudhani ni mchubuko tu.

3. Mkono unaoshuka wenyewe

Ndani ya verini kuna mipira inayozuia mafuta kupita. Ikilika, mafuta yanapita polepole, na mkono wa peli ulioachwa juu unashuka. Dereva anaona asubuhi kwamba ndoo iliyobaki hewani jana jioni sasa imegusa ardhi. Wengi wanacheka. Lakini ndoo ya peli kubwa, hata tupu, ni tani nyingi za chuma. Tena ubovu unaoshusha mkono polepole leo haukuahidi kwamba kesho utaenda polepole vilevile. Tiyo ya mkono ikipasuka, mkono unaweza kuanguka kwa mara moja.

Sheria ni moja: mtu asipite wala asisimame chini ya mkono au ndoo iliyo hewani, hata kwa nukta moja, hata kuokota bulo lililoanguka. Peli ikiachwa, ndoo ilale chini. Fundi akilazimishwa kutumika chini ya mkono, mkono ushikwe kwa nguzo za chuma zenye nguvu za kutosha. Usitegemee mafuta, wala jeki moja, wala mawe yaliyopangwa.

Angalieni pia peli zenye kifaa cha kubadilisha ndoo haraka. Kifaa kikizeeka, pini yake inaweza kuonekana imefunga na kumbe haikufunga vizuri. Baada ya kubadilisha ndoo, iguse chini na kuitikisa pahali pasipo na watu, kisha angalia pini kwa macho yako kabla ya kuanza kupakia.

4. Minyororo ya miguu na grese iliyofungiwa

Minyororo ya peli inalika kwenye pini zake, nayo inazidi kuwa mirefu na kulegea. Ili kuikaza, fundi anasukuma grese ndani ya silinda inayosukuma gurudumu la mbele. Ili kuilegeza, anafungua kifuniko kidogo ili grese itoke. Ni kazi nyepesi, watu wanaizoea mbio. Lakini grese ile nayo imefungiwa kwa presha kubwa sana. Kifuniko kikifunguliwa kupita kiasi kinaweza kuruka kama risasi, na grese inaweza kuingia katika mwili kama nilivyoeleza juu ya mafuta.

Basi fungua polepole, usipite mzunguko mmoja, simama kando, na usiweke uso wala kifua mbele ya kifuniko. Kama grese haitoki, usizidi kufungua. Ita mtu wa atelie. Tena ndani kuna springi kubwa iliyobanwa. Kuivunja kwa nyundo au kuikata kwa moto bila chombo chake kunaweza kuua. Kazi hiyo si ya shimoni.

5. Kurone na uzito wa nyuma

Nyumba ya peli inazunguka juu ya duara kubwa lenye meno, tunaloita kurone. Kurone ikikosa grese au mabulo yake yakilegea, dereva anasikia mgongo wa peli unagonga wakati anapoanza kuzunguka au kusimama. Kabine inayumba kama mtumbwi. Angalia mabulo: ukiona alama ya kutu au rangi iliyopasuka kuzunguka kichwa cha bulo, pengine limelegea. Kurone haipimwi kwa macho tu. Atelie ina vyombo vya kuipima.

Breki ya kuzunguka nayo inalika. Peli ya zamani inaweza kuendelea kuteleza kidogo baada ya dereva kuachilia kishikio. Ndiyo maana mtu anayesimama nyuma, akidhani nafasi inatosha, anaweza kubanwa kati ya uzito wa nyuma na ukuta wa shimo, au kati yake na kamio. Dereva hamwoni: nyuma na upande wa kuume ni pahali asipoona vizuri. Wewe musaidizi, usikaribie peli mpaka umeonana na dereva macho kwa macho, ndoo iko chini, na mkono wake umekuonyesha upite. Na wewe dereva, piga hupa kabla ya kuanza. Kama kioo cha kuonea nyuma kimevunjika, hicho ni chombo cha usalama kilichokufa. Usikihesabu kama pambo.

6. Maji ya moto, na moto wenyewe

Radiatere iliyojaa matope na vumbi haipozi moteri. Mshale wa joto unapanda, dereva anataka kuongeza maji. Ndani ya radiatere maji yako chini ya presha na yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko, presha inatoka, maji yanachemka mara moja na kurukia uso na kifua. Zima moteri, ngoja mpaka uweze kugusa kifuniko bila kuungua, funika kwa kitambaa kinene, legeza kidogo, ngoja, ndipo ufungue.

Mtu akiungua, mwagia pahali pale maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta, siagi, dawa ya meno wala majivu. Usitoboe malengelenge. Vitu hivyo vinafunga joto ndani na kuleta uchafu katika kidonda. Funika kwa kitambaa safi, umlete.

Moto mkubwa nao mara nyingi unaanzia kwenye uvujaji mdogo. Mafuta yakiruka juu ya turbo au tiyo ya moshi yanaweza kuwaka. Peli iliyofunikwa na mafuta, vumbi na vitambaa vya zamani ni kuni zilizopangwa. Waya za umeme zilizofungwa kwa kamba na plastiki zinaongeza hatari. Oshe moteri kila juma, rudisha vifuniko vya joto pahali pake, ujue kizima moto kiko wapi na kama sindano yake iko kwenye rangi ya kijani. Moto ukikushinda kwa kizima moto kimoja, toka na uondoke. Peli inaweza kununuliwa tena.

Juu ya batri: zinapochajiwa zinatoa gazi inayowaka. Usivute sigara karibu nazo, wala usizigonganishe waya. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi dakika 20 bila kuacha, jicho likiwa wazi, kisha njoo dispansere.

7. Magonjwa yanayokuja polepole

Ajali inaonekana. Lakini peli mbovu ina magonjwa mengine yasiyopiga kelele, na haya tunayaona kwa watu wanaokaribia pansioni.

Kelele. Sikio linaanza kuharibika mtu akikaa katika decibel 85 kwa masaa 8, siku kwa siku. Kila decibel 3 zikiongezeka, muda unagawanywa kwa mbili: 88 ni masaa 4, 91 ni masaa 2, 94 ni saa moja tu. Peli isiyo na mlango, yenye kioo kilichovunjika na bomba la moshi lililotoboka, inapita hapo bila taabu. Dereva anaanza kutosikia sauti ya mke wake na watoto, anadhani wanasema chini. Sikio lililokufa kwa kelele halifufuki. Vaa vizuizi vya masikio, na omba mlango urudishwe.

Mtikisiko. Kiti kilichopasuka, kisicho na springi, kinapeleka kila jiwe la barabara katika uti wa mgongo. Mgongo wa chini unaanza kuuma, kisha maumivu yanashuka mguuni. Rekebisha kiti kulingana na uzito wako, usiendeshe mbio juu ya mawe, na usiruke kutoka kabine. Kuruka mita moja na nusu baada ya masaa 8 ya kutikiswa ni kuupiga mgongo uliokwisha kuchoka. Panda na shuka ukiwa umeelekea mashini, mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, vikishika daima. Ngazi iliyokatika iandikwe kama ubovu, sawa na pompi iliyokufa.

Moshi. Mwaka 2012, shirika la kimataifa la uchunguzi wa kansa, lililo sehemu ya Shirika la Afya Duniani, liliweka moshi wa moteri za dizeli katika vitu vinavyoleta kansa kwa mtu. Bomba la moshi lililotoboka chini ya kabine linamlisha dereva sumu posti nzima. Kichwa kikiuma kila siku kazini na kupona siku ya mapumziko, tueleze.

Vumbi. Wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka mvua zirudi, vumbi la mawe linaingia pahali pote. Katika vumbi lile kuna silika, inayokaa ndani ya mapafu na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo, silikosi, hauna dawa ya kuurudisha nyuma, na unafungua njia kwa kifua kikuu. Vumbi la kobalti nalo linaweza kuleta pumu na kuharibu mapafu. Kabine yenye milango mizima na filtere safi ni dawa kuliko vidonge vyetu vyote. Mwagia maji barabara na mawe kabla ya kupakia. Usisafishe nguo wala filtere kwa hewa ya kompresa mbele ya uso wako.

Na hasa peli za miaka ya nyuma: breki na jointi za moteri za mashini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa amianti. Vumbi la amianti linaleta kansa hata miaka 30 baadaye. Kama hujui breki ile imetengenezwa kwa kitu gani, ifanye kama ina amianti: ilowanishe maji, vaa maski inayofaa, usiipulize kwa hewa, usiikwangue ikiwa kavu.

8. Jambo gumu kuliko yote: kusema

Ndugu, mengi niliyoandika mnayajua. Kinachotushinda si kujua, ni kusema. Dereva anaogopa: “Nikiandika ubovu, peli itasimama, kamio zitasimama, shefu atanikasirikia, na primi ya tani itapungua.” Fundi anaogopa ataambiwa mvivu. Shefu wa ekipe naye anaogopa anayemwuliza tani. Hivyo kila mtu anampitishia mwenzake peli mgonjwa, na anayepokea mwisho ni yule asiyejua kitu: dereva wa posti ya usiku.

Hesabuni wenyewe. Tiyo ya mpira inabadilishwa kwa masaa machache. Mkono wa mtu haubadilishwi. Familia inayokula kwa mkono ule haitauliza ni tani ngapi zilipakiwa siku ile.

Basi fanyeni hivi. Mwanzo wa kila posti, dereva azunguke peli mara moja, moteri ikiwa imezimwa: chini, aone mafuta yaliyodondoka, miguu, mabulo na minyororo, juu, tiyo na verini, nyuma, moteri na radiatere, ndani, breki, hupa, vioo, mkanda na kizima moto. Dakika 10 zinatosha. Aandike katika daftari maneno yaliyo wazi. Usiandike “peli si nzuri”. Andika: “Tiyo ya verini ya ndoo, upande wa kushoto, inatoa ukungu wa mafuta tangu saa 3 asubuhi.” Anayepokea posti asome na kutia saini kabla ya kupanda.

Ubovu wa aina hii usingoje posti nyingine: breki, usukani, mafuta yanayotoka kwa presha, mkono unaoshuka, moto au harufu ya kuungua, na kurone inayogonga. Zima, ondoa ufunguo, weka kibao “Usiwashe”, na uite shefu. Kibao kile kiondolewe na mtu aliyekiweka au aliyekabidhiwa kazi yake, si na mtu mwenye haraka.

Nanyi mashefu, nawasihi kwa heshima: mtu anayeandika ubovu anawalinda ninyi pia. Akigombezwa mara moja, hataandika tena, wala wenzake hawataandika. Daftari litabaki safi, na peli itabaki chafu.

9. Jipime mwenyewe

Soma maswali haya pamoja na ekipe yako wakati wa mkutano wa usalama, na kila mtu ajibu kwa kinywa chake.

Kwanza: Mwenzako amechomwa na mafuta ya presha katika kidole, tundu ni dogo, hasikii maumivu. Utafanya nini, na atapelekwa wapi?

Pili: Unaona ukungu wa mafuta karibu na tiyo. Utatafuta tundu kwa kitu gani?

Tatu: Moteri imezimwa. Ni mambo gani mengine yafanywe kabla ya kufungua tiyo?

Nne: Mshale wa joto umepanda. Utangoja alama gani kabla ya kufungua kifuniko cha radiatere?

Tano: Leo hii, katika peli unayotumika nayo, ni ubovu gani umeuzoea hata umeacha kuuona?

Swali la tano lina jibu kwa kila mmoja wetu. Liandikeni katika daftari kabla ya posti ya kesho. Na kama ubovu ule umekwisha kugusa mwili wenu, sikio, mgongo, kifua au mkono, njoni dispansere mapema, wakati bado tunaweza kusaidia.